Miaka saba ya kundi letu la nyota

Mwaka huu sherehe yetu tuliichelewesha makusudi. Kundi letu la watazama nyota lilizaliwa usiku wa tarehe 27 Julai 2018, na kila Julai tumekuwa tukikutana, tukala, tukakumbushana tulikotoka. Lakini mwaka 2025 tuliona itakuwa hasara kukata keki Julai ilhali tarehe 7 Septemba mwezi mzima utapatwa mbele ya macho yetu, tena mapema, saa ambayo hata watoto hawajalala. Tukapiga kura kwenye simu. Walioshinda ni wale waliosema kuwa mwezi ndio uliotukutanisha, basi na tuungoje. Nilikuwa upande wao na ningewapigia kura hata mara mbili kama ingewezekana.

Kwa ambaye hakuwepo 2018: Ijumaa ile mwezi ulifunikwa wote kuanzia saa 4:30 usiku hadi saa 6:13, dakika 103, muda mrefu kuliko kupatwa kwingine kokote kwa mwezi katika karne hii. Na haukuwa mwezi peke yake, kulikuwa na sayari pia. Jua lilipotua, Zuhura ilikuwa magharibi, Mushtari juu, Zohali mashariki, na Mirihi ikachomoza karibu na mwezi wenyewe, nyekundu, kubwa kuliko tulivyoizoea, kwa sababu siku zile ilikuwa imeikaribia dunia kuliko wakati wowote tangu 2003. Tulikuwa hapa Mombasa, pale Lighthouse, barabara ya Mama Ngina, kabla hapajajengwa upya. Watu walikuwa wamekuja kupunga upepo na kula mihogo kama kila wikendi, wakajikuta wamesimama bega kwa bega na watu wasiowajua, wote nyuso juu. Mwalimu mmoja wa fizikia alikuja na darubini yake, na foleni ya kuchungulia ilifika hadi kwa muuza madafu. Binti yangu alikuwa mdogo, ikabidi nimbebe ndipo afikie pa kuchungulia. Zamu yangu ilipofika niliiona Zohali na pete zake zimetanuka huku na huku, nikamuuliza mwalimu kama ndani ya darubini mna picha. Akanigeuzia upande wa mbele nitazame, niridhike kwamba hamna kitu ila kioo. Kabla hatujatawanyika akakusanya nambari za simu za waliotaka kuitwa tena. Hilo ndilo kundi.

Nimekuwa katika makundi mengi ya WhatsApp: ya harusi, ya michango ya matanga, ya wazazi wa shule, ya mafundi cherehani wenzangu. Mengi hufa kifo kimoja. Huanza na jambo lake, kisha zikaingia salamu za asubuhi zenye maua, video za kuchekesha, matangazo ya mikopo, mpaka mwenye jambo la kweli akaona haya kulisema. Sisi tuliokolewa na sharti alilolitoa mwalimu tangu wiki ya kwanza, sharti ambalo wengine waliliona kali mno: leta ulichokiona kwa jicho lako mwenyewe, useme ulikuwa wapi, saa ngapi, na mawingu yalikuwaje. Picha uliyoiokota mahali, hata iwe nzuri vipi, usituletee. Waliotaka picha nzuri waliondoka. Waliobaki walikuwa wachache, na kundi likawa linakaa kimya siku nyingi. Kimya kile hakikutudhuru. Kilifanya simu ikilia, kila mtu ajue kuna kitu. "Zuhura yaonekana mchana huu kutoka Kisauni, simama kwenye kivuli cha ukuta, tazama kusini ya utosi." Basi utamkuta fundi wa friji Changamwe ameweka spana chini, karani wa bandarini ametoka nje ya ofisi, mama wa mahamri Majengo ameziba jua kwa kiganja, kila mmoja akitafuta kile kitone cheupe kwenye buluu. Kisha majibu yanakuja moja moja: nimeiona, nimeiona, sijaiona, haya sasa nimeiona. Nasema kwa yakini kwamba sharti lile limetufaa kuliko darubini.

Mwaka 2020 ndio uliotuthibitishia. Mwisho wa Machi ikaanza kafyu ya korona, saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri, yaani zile saa zetu zote. Mei, Mji wa Kale ukafungwa, asiingie mtu wala asitoke. Tulikuwa na wenzetu kadhaa mle ndani. Kilichobaki ni darini. Kila usiku watu walipanda juu ya nyumba zao na kuandika walichokiona, na kwa mara ya kwanza kundi lilikuwa na habari za kila siku. Kulikuwa na bibi mmoja anayeishi peke yake mle Mji wa Kale. Hakuwa na darubini wala hakujua majina ya nyota nyingi, lakini kila siku baada ya Isha aliandika neno moja: "Nimeiona," akimaanisha nyota yake aliyoichagua, ile nyekundu iliyo moyoni mwa fungu la nyota liitwalo Nge. Usiku mmoja hakuandika. Mawingu hayakuwepo. Kijana wa mtaa wa pili akatumwa kugonga mlango, akamkuta ana homa hata kusimama hawezi. Alipona. Tangu hapo sijapenda kusikia mtu akisema kutazama nyota ni kazi ya wasio na kazi.

Desemba ya mwaka ule kafyu ilikuwa imelegezwa hadi saa 4 usiku, na tarehe 21 Mushtari na Zohali zilikaribiana hadi zikatenganishwa na nafasi ya moja ya tano ya upana wa mwezi. Hazikuwahi kukaribiana hivyo tangu 1623, na hazitakaribiana hivyo tena hadi 2080. Mawingu yalitufungulia muda mfupi tu, tukazipata zote mbili ndani ya darubini moja kwa pamoja. Aliyekuwa mtoto usiku ule anaweza akaishi azione tena. Mimi la.

Jambo lililokaribia kutuvunja lilikuwa mwezi mwandamo. Kila mkaazi wa Mombasa anajua kwamba jioni ya mwezi 29 Shaabani, na ya 29 Ramadhani, mji mzima huwa na swali moja na majibu zaidi ya moja. Kuna wanaofuata mwandamo wa hapa, kuna wanaofuata wa popote duniani, na kila upande una hoja zake na wanazuoni wake. Kundi letu lina Waislamu wa pande zote mbili, na lina Wakristo wanaotaka tu kujua kesho ni sikukuu au si sikukuu. Mwaka mmoja maneno yalipanda, watu wawili wakajitoa. Tukaitana, tukakaa kitako, wazee wakasema, na tukatoka na utaratibu tulio nao hadi leo. Kutangaza mwezi si kazi yetu. Hiyo ni ya Kadhi Mkuu na wenye elimu yao. Kazi yetu ni kutafuta mahali palipoinuka, kwa sababu upande wetu wa magharibi hakuna bahari, kuna vilima vya Shimba na vya Mazeras na utusitusi wa jioni, kisha kuandika: jua limetua saa ngapi, mwezi una umri wa saa ngapi tangu kuzaliwa, nani ameuona, nani amekosa. Vijana wamejifunza kupiga hesabu zenyewe. Wanajua kwamba mwezi wenye umri wa chini ya saa kumi na tano hivi ni shida mno kuonwa kwa jicho tupu, na wanajua pia kwamba hesabu haimwondolei mtu wajibu wa kwenda kutazama. Mmoja wa wale wawili alirudi. Wa pili tunaendelea kumwalika.

Sasa nije kwenye daftari, maana ndilo ninalotaka kulisemea zaidi.

Mzee wetu mkubwa kundini ni nahodha. Ameendesha majahazi ya Lamu na ya Unguja, na ujanani alifika Arabuni kwa pepo za msimu. Leo macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho. Nyota haoni tena, na mwezi huuona kama mwanga usio na ukingo. Lakini mwambie ni mwezi gani na ni saa ngapi, atainua fimbo yake akuonyeshe Msalaba wa Kusini umeinama wapi, na hakosei. Yeye ndiye aliyetuanzishia kazi ya Kilimia. Wazee walisema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kilimia, lile fungu dogo la nyota, huonekana magharibi jioni za Aprili, kila siku chini zaidi, hadi mwanzoni mwa Mei linapopotelea ndani ya mwanga wa machweo. Hupotea majuma kadhaa, kisha mnamo Juni huibuka mashariki alfajiri. Na masika yetu huwa ya Aprili na Mei. Kwa hiyo wazee walikuwa wakiusoma msimu: ukiona fungu lile linazama na mbingu kavu, jiandae, mvua bado inakuja.

Nahodha alitaka tulipime neno hilo. Sisi tuliokuwa tukilisema tu vitini, yeye alitaka tarehe. Alitueleza pia hesabu ya Nairuzi, mwaka wa jua wa siku 365 ambao mabaharia na wakulima wa pwani hii waliuhesabu kumi kumi, kila kumi ni mwongo mmoja. Mwaka wa mwezi hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, kwa hiyo hauwezi kumwambia nahodha ni lini kaskazi itapoa na kusi kuanza. Nairuzi ilimwambia. Kumsikiliza akihesabu miongo kwa vidole ni kuelewa kwamba watu wa mji huu walikuwa wakifanya kazi ya mbingu kwa umakini mkubwa kabla yetu, na walifanya bila kuandika sana, na ndiyo sababu sehemu kubwa imepotea.

Basi tukanunua kauntabuku la jalada gumu. Mwalimu alishikilia liwe la karatasi, na nilimuunga mkono. Simu hubadilishwa, simu huibwa kwenye msongamano wa feri, mtu akihamia Doha hubadilisha na nambari, na kumbukumbu zake zote huondoka naye. Kila mwaka tunaandika mtu wa mwisho aliyekiona Kilimia jioni, mtu wa kwanza aliyekiona alfajiri, na mvua ilikuwaje kati ya siku hizo mbili. Kuna miaka tarehe ni safi. Kuna mwaka 2024, mwanzoni mwa Mei, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kikiikaribia Tanzania, ambapo ukurasa mzima una neno mawingu likijirudia. Je, methali ni kweli? Daftari letu bado ni changa kutoa hukumu. Litahitaji miaka ishirini, thelathini. Nilipomwambia nahodha hivyo alitulia kabisa. "Basi andikeni," akasema. "Mimi nimengoja pepo maisha yangu yote."

Kwa hiyo nikiulizwa kundi la namna hii lina faida gani, jibu langu liko pale. Kuna mambo ya mbinguni ambayo mtu mmoja hayawezi, hata awe na chombo cha bei gani, kwa sababu yanakwenda polepole kuliko hamu yake. Yanataka watu wanaokaa pamoja muda mrefu na wanaoandikiana.

Ya vyombo nitayapitisha haraka. Hewa ya chumvi ya Mombasa hula vioo vya darubini, na unyevu huotesha kuvu ndani ya lenzi. Tunaweka vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya, tunavianika upya kila mara, na mifuko ya kufunikia nashona mimi kwa kitambaa kizito. Tochi zote tunazifunga kitambaa chekundu, maana mwanga mweupe huharibu macho yaliyokwisha kuzoea giza. Ni hayo.

Ya taa siwezi kuyapitisha haraka. Lighthouse tulikozaliwa hatuwezi tena kufanya kazi. Mama Ngina ilipofunguliwa upya Oktoba 2019 ilikuja na taa ndefu kila hatua chache. Sehemu imependeza, familia zinakaa hadi usiku, kina mama hawaogopi, nami silaumu hata kidogo. Lakini nyota ndogo zimezimika pale, na upande wa pili bandari ya Kilindini inawaka usiku kucha. Tumehamia ng'ambo, pwani ya Shelly, Likoni. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, stima zilipokatika nchi nzima, tulijua tumekosa nini. Mwezi uliokuwa umepita nusu ulikuwa juu, ukiegemea mkia wa Nge, na hata hivyo nyota zilijaa juu ya Makadara kwa namna ambayo watoto wa mjini hawakuwahi kuiona. Tunachoomba ni kidogo: taa ielekezwe chini, ivalishwe kofia. Anayeteremka ngazi ataona vizuri zaidi, na huko fukweni kasa wadogo wanaoanguliwa usiku hawatapotea njia wakifuata mwanga wa hoteli badala ya bahari. Hoteli moja ya pwani ya kusini imekubali. Tunaendelea kubisha hodi kwa nyingine.

Sherehe yenyewe ilikuwa Jumapili, siku chache baada ya Maulidi. Watu walivuka feri kabla ya Magharibi, na masinia vichwani. Kulikuwa na mahamri na mbaazi, viazi karai, pilau ya sufuria mbili, na keki aliyoileta karani wa bandarini. Mwezi ulitoka baharini mzima, karibu sambamba na jua kutua. Ilikuwa bamvua, maji yalikuwa yamejaa jioni, na sasa yakaanza kupwa. Saa 1:27 kona ya mwezi ikaanza kuliwa. Waliotaka kuswali swala ya kupatwa wakajipanga mchangani, imamu wao kijana, kisomo kirefu, rukuu mbili kila rakaa. Wengine wakashika watoto wa waliokuwa wakiswali, wakawapakulia chakula. Hakuna aliyepanga mambo yawe hivyo. Yalikuwa.

Saa 2:30 mwezi ukafunikwa wote. Kuna kipimo alichokiweka mwanaastronomia Mfaransa, André Danjon, cha kusema mwezi uliopatwa umekuwa na giza kiasi gani: sifuri ukipotea karibu kabisa, nne ukiwa na wekundu mwangavu wa shaba. Huhitaji chombo, wahitaji jicho na uaminifu. Kipimo hicho hutegemea vumbi na mawingu yaliyo katika hewa ya dunia, kwani mwanga unaoufikia mwezi wakati ule umepita kwanza kwenye hewa hiyo. Mwaka 2018 kauntabuku linasema mbili. Safari hii nahodha alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, binti yangu amesimama kando yake na kalamu.

"Niambie, mwanangu. Wauona vipi?"

"Mwekundu, Babu. Chini umeiva zaidi, juu una weupe kidogo."

"Ukingo wake wauona wote?"

"Wote."

"Na nyota zilo karibu nao?"

"Zipo, nyingi. Mwanzo hazikuwepo."

Akafikiri. "Andika mbili na nusu. Uandike na jina lako, si langu. Jicho ni lako."

Na mashariki, chini kidogo ya mwezi, kulikuwa na Zohali. Mwalimu akaielekeza darubini ile ile ya mwaka 2018. Nilichungulia nikiwa najua nitakachokiona, na bado kilinigusa: pete zile zilizokuwa zimetanuka pande zote, sasa zimekuwa mstari mmoja, kama uzi uliopitishwa kwenye ushanga. Zohali hulizunguka jua kwa karibu miaka 29 na nusu, nasi tunaziona pete zake kwa juu, kwa ubavu, kisha kwa chini. Machi 2025 tulizipita kwa ubavu kabisa. Miaka inayofuata zitafunguka tena hadi zifike upana wake wote mnamo 2032. Kundi zima lilipanga foleni. Wale wa 2018 walichungulia wakakaa kimya. Wale wapya waliuliza mbona pete hazionekani, na wale wa 2018 wakawaeleza. Hapo ndipo nilipohisi miaka saba ni kitu.

Baada ya saa 3:52, mwezi ulipoanza kupata ukingo wake mweupe, tukazungumza ya mbele. Yalikuja mapendekezo. Kuna aliyetaka tusajiliwe, tuwe na mwenyekiti, mweka hazina na ada. Kuna aliyetaka tuwatoze watalii wa hoteli, darubini ijilipe. Yote mawili yana maana yake, wala walioyaleta hawana tamaa. Ila mimi nilisema na ninarudia: siku mtoto wa Likoni atakapoambiwa asubiri mgeni aliyelipa achungulie kwanza, tutakuwa tumekwisha, hata tuwe na darubini tano. Tulikubaliana kuchangisha wenyewe kwa wenyewe kama tunavyochanga kwenye harusi, na uongozi ubaki wa zamu.

Kubwa lililokubaliwa ni kwamba kundi lisiwe la Mombasa tu, kwa sababu tayari si la Mombasa tu. Wenzetu wako Lamu, Voi, Unguja, Doha. Mmoja anafanya kazi za nyumbani Jeddah. Usiku akimaliza vyombo hupanda darini kwa mwajiri wake na kutuandikia alichokiona, kwa sharti lile lile la siku zote. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote katika njia itakayopita kusini mwa Hispania, kaskazini mwa Afrika, Luxor ambako giza litazidi dakika sita, kisha Jeddah na Makka. Sisi huku tutaona jua limemegwa tu. Yeye atakuwa ndani ya kivuli. Tumeshaanza kuchanga pesa za miwani maalumu ya kutazamia jua, halali, iliyopimwa, na atakayekwenda Umra kabla ya siku hiyo ataibeba. Namuombea tu apewe ruhusa ya kupanda darini mchana ule. Sioni mtu anayeistahili zaidi.

Kisha kuna 2029. Usiku wa Ijumaa tarehe 13 Aprili kuamkia Jumamosi, jiwe la anga liitwalo Apophis, lenye upana wa zaidi ya mita 300, litapita umbali wa kilomita 32,000 hivi kutoka uso wa dunia, karibu zaidi kuliko setilaiti zile za televisheni. Halitatugonga. NASA walikwisha kuliondoa shaka hilo mwaka 2021 kwa miaka mia ijayo. Kutoka Afrika litaonekana kwa jicho tupu, nyota ndogo inayotembea, na itakaribia zaidi saa 6:46 usiku kwa saa zetu. Umoja wa Mataifa umeutenga mwaka huo kuwa wa kuelimisha watu kuhusu mawe haya. Taabu yetu ni Aprili yenyewe. Masika. Mombasa inaweza ikawa chini ya wingu zito usiku kucha, tukasikia habari tu.

Ndiyo maana tumeamua kutawanyika. Wengine Lamu, wengine Voi, wengine wabaki Shelly, kila kituo na darubini yake, saa yake na mwandishi wake, na yeyote atakayefunguliwa mawingu awaambie wenzake palepale. Darubini mbili tunazo, ya tatu tunaichangia. Kauntabuku la kwanza limekaribia kujaa. Vijana wawili wanalinakili kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, nakala ikae ng'ambo ya feri, mbali na ile ya asili. La pili limeshanunuliwa Mwembe Tayari. Kurasa zake za mbele tumeziacha kwa ajili ya Kilimia cha mwaka ujao, na ukurasa wa mwisho tumeupiga mistari mitatu, kituo kwa kituo, watu wajiandikishe kwa ajili ya 2029. Nahodha ameandikwa Lamu. Binti yangu kajiandika Voi, na mimi chini yake. Nafasi za Lamu zimejaa. Za Voi bado zipo, na anayekuja aje na blanketi, huko usiku hupoa.